Jaribio la Ijumaa

Katika sanduku la mbao ninamotunza vyeti vyangu, barua ya kuajiriwa na ile ya kustaafu, imo pia karatasi moja kubwa ya manila iliyokunjwa mara nne. Ni ratiba ya vipindi ya mwaka 1983, ya shule ya msingi niliyokuwa nikiiongoza katika wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Wajukuu wamekwisha kuniuliza kwa nini natunza karatasi iliyoliwa na mende pembeni. Ratiba nyingine zote nilizopata kuzichora, nazo ni nyingi, zilikwenda na moto wa takataka. Hii nimeiweka kwa ajili ya chumba kimoja tu katika safu ya Ijumaa, kuanzia saa sita na nusu hadi saa saba na nusu mchana, nilipoandika kwa wino mwekundu: Darasa la VII, Jaribio.

Watu wakizungumza habari ya dini katika shule za serikali, aghalabu huzungumza mambo mazito: katiba inasemaje, hijabu ivaliwe au isivaliwe, nani amependelewa na nani ameonewa. Sina ugomvi na mazungumzo hayo. Lakini mimi nilifundisha shule za msingi miaka thelathini na minane, na nilivyoona kwa macho yangu ni kwamba dini huingia shuleni kwa mlango mdogo ambao hauna bawabu. Huingia kwa kengele, kwa siku ya mapumziko, kwa saa ya jaribio.

Nilizaliwa mwaka 1948 upande wa Magila, ambako wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika tangu karne ya 19. Nilipoanza darasa la kwanza mwaka 1956, shule na kanisa vilikuwa kitu kimoja. Kengele iliyotuita kwenye sala ndiyo iliyotuita kwenye hesabu, na mtu aliyetufundisha kuandika ndiye aliyetushika masikio Jumapili tukisinzia kanisani. Watoto wa Kiislamu walikuwamo, ila wachache. Wazazi wao waliogopa kwamba mtoto akienda kusoma atarudi na jina jingine, na hawakuogopa bure. Niliketi dawati moja na mvulana aliyekuwa na majina mawili: moja la daftari la mahudhurio na moja la nyumbani. Mwalimu akiita lile la daftari, alichelewa kidogo kuitika, kama mtu anayengoja kuhakikisha kwamba ni yeye anayetajwa. Sisi tulimcheka kwa kuchelewa kule. Tulidhani ni mzito wa kusikia.

Ugomvi wenyewe ni wa zamani kuliko misheni ya utoto wangu. Wajerumani walipoendesha shule ya serikali mjini Tanga katika miaka ya 1890, shabaha yao ikiwa kupata makarani, wamisionari walinung'unika kwamba shule hiyo haifundishi Ukristo na inawanufaisha Waislamu wa pwani. Walipokuja Waingereza, mizani ikalala upande wa pili: misheni zilipewa ruzuku ya kuendesha shule, na sehemu kubwa ya elimu ikabaki mikononi mwao. Hivyo tulipopata uhuru mwaka 1961, mtoto aliyezaliwa karibu na kanisa alikuwa na njia fupi zaidi ya kufika darasani kuliko yule aliyezaliwa karibu na msikiti. Hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote mwenye macho.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea, nikaenda Chuo cha Ualimu Mpwapwa. Kule bweni langu lilikuwa na vijana wa kila pembe ya nchi. Jirani yangu wa kitanda cha kulia alikuwa Mwislamu kutoka Kilwa, wa kushoto alikuwa Mlutheri kutoka Machame, na wote wawili walikoroma. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ndiyo iliyoziweka shule za misheni chini ya serikali, na mimi nikaanza kazi Januari 1970. Kwa hiyo naweza kusema kwamba niliingia darasani sambamba na shule isiyo na dini. Nilijivuna. Tulikuwa vijana, na tuliamini kwa dhati kwamba ubaguzi ule umekwisha kwa kufuta maandishi juu ya mlango na kuandika mengine.

Kusema kweli serikali haikuitupa dini nje ya uzio. Iliweka kipindi cha dini katika juma, watoto wakagawanyika kila mmoja na mwalimu wake. Lakini walimu wa kipindi hicho hawakuwa watumishi wa serikali. Kwangu alikuja katekista kwa baiskeli isiyo na breki, na mwalimu wa madrasa aliyekuwa pia na shamba la michungwa. Msimu wa machungwa ulipofika, Waislamu wangu walikaa kipindi kizima chini ya mwembe wakirusha mawe, wakati Wakristo wanaimba. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nilimtuma mwanafunzi akamwite mwalimu wao shambani, naye akaja mbio na jasho na panga mkononi, akafundisha akiwa hivyo hivyo. Hapakuwa na aliyemlipa hata senti.

Kulikuwa na binti mmoja wa darasa la pili ambaye kila kipindi hicho kilipofika alibaki amesimama uwanjani. Baba yake Mwislamu, mama yake Mkristo, na nyumbani kwao hawakuwa wameona haja ya kuchagua. Kwetu Muheza nyumba za namna hiyo si ajabu: Idi inapikiwa, Krismasi inapikiwa. Nikamwuliza, "Wewe mama, kundi lako lipi?" Akanijibu, "Mwalimu, mimi ni wa kote kote." Nikamwambia achague kwa zamu, juma hili huku, juma lijalo kule. Katekista alilalamika, na mwalimu wa madrasa naye alilalamika, nami nikaona nimefanya haki kwa kuwa wamelalamika wote wawili. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu ya uongozi wakati ule: haki ni kulalamikiwa sawasawa.

Sasa nije kwenye karatasi yangu.

Nilikabidhiwa shule mwaka 1979. Nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno siku hizo, na mwalimu mkuu alipimwa kwa idadi ya watoto waliochaguliwa. Shule nzima ingeweza kufanya mtihani wa darasa la saba akachaguliwa mmoja, au asichaguliwe hata mmoja. Mimi nikaamua kuwapa darasa la saba jaribio kila juma. Nikachagua Ijumaa mchana kwa sababu moja tu, nayo ninaikumbuka vizuri: walimu wangesahihisha Jumamosi na Jumapili, na karatasi zingerudi Jumatatu asubuhi. Naapa sikufikiria msikiti, si kwa wema wala kwa ubaya. Na kutofikiria kwenyewe ndiko ninakokuzungumzia.

Wasichana wa Kiislamu walikaa wakafanya jaribio, kwa kuwa sala ile si wajibu kwao. Wavulana saba walikuwa wakubwa kiasi cha kwenda. Sita waliacha sala baada ya majuma mawili, walipoona alama zao. Mmoja aliendelea kwenda. Ilipofika saa sita na nusu aliweka kalamu katika mfuko wa shati, akaomba ruhusa kwa adabu, akanyimwa, akaondoka. Alirudi saa saba na nusu wenzake wakikusanya karatasi. Sifuri ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa wa pili darasani katika hesabu na hodari wa insha za Kiswahili, na kila Jumatatu jina lake lilikuwa la mwisho kwenye orodha niliyobandika ukutani. Juma la nne nikamchapa viboko vinne mstarini, mbele ya shule nzima. Kosa nililoliandika katika kitabu cha adhabu ni utoro.

Baba yake alikuja siku ya Jumatatu. Alikuwa mtu mzima kunizidi, nikamwamkia shikamoo, nikampa kiti. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikwisha panga maneno kuhusu sheria, nidhamu na maendeleo ya taifa. Hakugomba. Aliomba aonyeshwe ratiba. Nikamwonyesha, ilikuwa nyuma yangu ukutani. Hakujua kusoma herufi za Kirumi, alijua za Kiarabu, basi nikamsomea siku baada ya siku, naye akafuata kwa kidole. Tulipomaliza Ijumaa, kidole chake kikaendelea kulia, kwenye ukuta mtupu, akauliza:

"Na huku, mwalimu?"

"Huko ni Jumamosi na Jumapili, mzee. Hakuna shule."

"Jumapili hakuna jaribio?"

"Jumapili ni mapumziko ya serikali."

Akasema, "Alaa." Akashukuru, akavaa kofia yake, akaenda zake.

Nilitamani angenitukana. Lile "alaa" lilikaa nami kama mwiba wa samaki kooni. Jumapili iliyofuata nilikuwa kanisani kama kawaida, nimevaa suti yangu ya kaki, nami nikajikuta nahesabu. Katika maisha yangu yote, tangu darasa la kwanza hadi ukuu wa shule, hapakuwa na siku hata moja ambayo serikali, iwe ya Mwingereza au yetu wenyewe, ilinilazimisha nichague kati ya ibada yangu na kazi yangu. Sijawahi kuomba ruhusa. Wala sikujua kwamba nimepewa kitu. Juma lote lilikuwa limeshonwa kwa vipimo vyangu kabla sijazaliwa, nami nilimwona mtoto aliyebanwa na vazi hilo kuwa ndiye mkorofi. Nilisema shule haina dini. Lakini shule ilikuwa na Jumapili.

Ungetarajia, msomaji, kwamba Jumatatu ile ile nilibadili ratiba. Sikubadili. Nilijiambia kwamba mwalimu mkuu akibadili jambo kwa sababu mzazi mmoja amekuja, kesho watakuja ishirini. Nilijiambia pia kwamba Jumapili si dini, ni kalenda. Hoja hii niliipenda sana, na hadi leo naisikia ikitolewa na watu wenye elimu kunishinda. Yule kijana akaanza kukosa Ijumaa nzima. Kisha akakosa na Alhamisi. Mtihani wa mwisho alikuja akaufanya, na hakuchaguliwa. Siwezi kusema angechaguliwa kama si mimi. Wengi wenye akili waliachwa mwaka ule, na shule yetu ilipata mmoja tu. Ila mwalimu anajua mtoto yupi alikuwa na uwezo, na hakuna hesabu ya nafasi itakayonifuta hilo.

Januari 1984 nikahamishia jaribio Alhamisi. Walimu walinung'unika siku mbili. Basi. Hakuna kingine kilichotokea. Jengo halikuanguka, nidhamu haikupungua, walimu walisahihisha Alhamisi usiku kwa taa ya chemli na karatasi zikarudi Jumatatu ile ile. Kazi ya dakika tano na rula. Kila nikiifungua ile manila naona jinsi kazi ilivyokuwa ndogo.

Msomaji asidhani nasema kwamba kila mwenye dini apewe anachodai. Katika shule niliyohamia baadaye tulipata balaa la wasichana kuanguka. Walimu wenzangu wanalijua: anaanza mmoja kupiga kelele, anafuata wa pili, na kufika saa nne wamelala kumi na wawili kwenye majani. Wazazi wakaja kwa makundi. Wa kwanza walitaka mchungaji aombee madarasa, wa pili walitaka kisomo, wa tatu, waliokuwa wamechanganyika dini zote, walitaka mganga achimbe chini ya mbuyu. Kila kundi lilikuwa na hakika kwamba makundi mengine ndiyo yaliyoleta tatizo. Niliwaambia wote kwamba binti yao ni wao, wakamwombee nyumbani kwa namna wanayoijua, lakini darasa ni la watu wote na halitafanyiwa la mtu mmoja. Niliitwa mpagani kwa lugha mbili. Wasichana walipumzishwa, wakanywa maji na uji, tukapunguza mbio za mtihani, na baada ya majuma mawili kukatulia. Sijajuta kwa hilo hata kidogo.

Wala sijajuta kwa mtoto wa Mashahidi wa Yehova niliyemwacha asimame kimya wenzake wakiimba wimbo wa taifa. Hapo sikuongozwa na hekima, nilikuwa nimechoka tu kugombana na watoto juu ya mambo ya mbinguni. Lakini jambo lile lilinifanya niusikilize wimbo wenyewe. Kila asubuhi shule yetu isiyo na dini ilianza kazi kwa dua, na muziki wa dua hiyo ulitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini. Mwalimu wa shule kama mimi! Mwislamu na Mkristo waliuimba kwa moyo bila kuona taabu, na mmoja hakuweza. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ilipowapa haki wanafunzi wa dhehebu lile walioadhibiwa kwa kutouimba, marafiki zangu wa kijiweni walikasirika sana, wakasema nchi inachezewa. Nilinyamaza. Nilikuwa namfikiria mtu mwingine kabisa.

Nilimwona tena mwaka 2016. Baba yake alifariki, mzee sana, nikasikia tangazo, nikapanda gari hadi kijijini kwao. Matanga yetu hayaulizi dini. Nilikaa mkekani na wazee wenzangu, nikala wali nilioletewa. Yeye alikuwa mtu wa makamo sasa, ana mvi kidevuni, ana duka la vipuri vya baiskeli na watoto watano. Alikuja kunisalimu akainama, "Shikamoo mwalimu," kisha akanitafutia kiti chenye egemeo, kwa sababu aliona ninavyohangaika na magoti.

Tulipobaki wawili nikamwambia nilichokwenda kusema. Nilimwambia habari za jaribio la Ijumaa, kwamba nilikosea, kwamba vile viboko vinne havikuwa haki yake. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno hayo ndani ya gari. Alinisikiliza hadi mwisho huku akitazama chini, akaokota kijiti, akakivunja.

"Viboko mwalimu nilivisahau," akasema. "Nani hakuchapwa? Tatizo ni lile neno."

"Neno gani?"

Akaniangalia kama mtu anayedhani anafanyiwa mzaha. Kisha akanikumbusha. Kumbe siku ile mstarini, kabla ya kumchapa, niliwaambia wanafunzi wote kwamba hapa ni mahali pa elimu, na anayetaka kubaki nyuma kama wazee wake abaki nao. Alilisema polepole, kwa sauti yangu, na kwa namna ninayovuta maneno nikiwa nimekasirika, hata nikajua kwamba ni kweli. Baba yake mdogo alikuwa akipita barabarani na mzigo wa kuni. Alisimama akasikia.

Mimi sikuwa na kumbukumbu yoyote ya neno hilo. Nilikuwa nimetunza karatasi miaka thelathini na mitatu, nikidhani kosa langu lote limo ndani ya chumba kile chenye wino mwekundu.

"Baba alisikia?" nikauliza.

"Baba mdogo alimwambia jioni ile ile."

Kwa hiyo mzee alikuja ofisini kwangu analijua, akakaa kwenye kiti nilichompa, akafuata siku kwa kidole.

Nilitaka kusema kitu, lakini adhana ikaanza. Ilikuwa saa tisa na nusu kupita kidogo, Alasiri. Watu wakainuka mkekani wakapukuta kanzu. Alimwita mwanawe wa mwisho, mtoto wa miaka mitatu hivi, mwenye mafua, akamweka kwenye paja langu, akasema, "Mwalimu, nishikie huyu, narudi sasa hivi." Nikamshika. Alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia, na alikuwa na ganda la chungwa mkononi ambalo hakutaka kuliachia. Tulikaa hivyo mimi na yeye, tukitazama safu ya viatu mlangoni mwa msikiti, hadi baba yake alipotoka.